Afande, Kalia Mikono Yako

Vijana wangu wa kliniki, mlinikatia keki, mkanipa na kanga, halafu mkaniambia, "Hajati, tuachie kumbukumbu." Kumbukumbu ninazo za kujaza lori na trela lake. Shida ni kalamu. Mimi na shule tulionana kwa mbali tu, yeye ng'ambo ya barabara, mimi napita na beseni kichwani. Kwa hiyo mimi nasema, binti yangu Safina anaandika. Nikiongeza chumvi anakohoa. Leo tangu asubuhi amekohoa mpaka jirani ameleta tangawizi.

Na hilo jina la Hajati mjue kabisa, Makka sijafika. Nilitoka Walukuba kule Jinja nikafika Mbale, hiyo ndiyo hija yangu yote.

Kliniki ya kwanza ilikuwa Jinja mjini, ndani ya duka la zamani la Wahindi, nguzo nene mbele, ndani joto la kuivisha mkate bila moto. Mimi nilikuwa nakaanga chapati barazani hapo, na chapati zangu zilikuwa kubwa, mtu akinunua moja anaweza kujifunika usingizi. Ndani alikuwa Sista Khainza. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo mumjue. Mwanamke wa Bugisu, mfupi, sauti ndogo kama kifaranga mwenye mafua, lakini akikutazama unakumbuka dhambi zako zote na za jirani. Kazi yake ilikuwa watoto wa maneno: wasiosema, wanaosema nusu, wanaokwama mlangoni mwa neno wakagonga wee, na wale ambao masikio ni mazima ila maneno yakifika hayapati pa kukaa.

Wazazi wengi walikuwa askari, polisi, na watu wa magereza, wametoka kaskazini na huku kwetu mashariki. Kila mtu na lugha yake, wakikutana wanashika Kiswahili. Na Sista kwa Kiswahili alikuwa mgonjwa kuliko wagonjwa wake. Si kosa lake. Alikua wakati Kiswahili kilikuwa kinakuja mlangoni kimevaa buti za askari. Akikisikia tu, macho yanatafuta uvungu wa kitanda.

Siku yangu ya kwanza kazini, mimi mwenyewe sikujua kwamba ni siku ya kwanza kazini. Nilikuwa nageuza chapati. Ndani kuna mke wa koplo na mtoto wake. Sista alitaka kuuliza mtoto anakula nini. Akauliza, "Mama, mtoto anakula nani?"

Mama akasimama. "Nani? Mtoto yangu anakula nani? Wewe umesikia nani amepotea?"

Akabeba mtoto, akabeba na kiti cha kliniki bila kujua, huyo anatoka. Nikamkinga mlangoni na mwiko mkononi. "Mama, rudi! Anauliza chakula! Hajasema mtoto ni mchawi!"

Akarudi, akacheka, mtoto naye akacheka, Sista akabaki anafuta jasho. Walipomaliza akaniita. "Wewe. Kesho njoo ndani. Bila mwiko."

Ndiyo nikaingia, na sikutoka mpaka juzi mliponikatia keki.

Kazi yangu ilikuwa mkalimani, na mtunza vifaa. Vifaa gani? Msifikirie mashine. Tulikuwa na kioo, mtoto aone mdomo wake unafanya nini. Tulikuwa na mabua ya papai na maji ya sabuni, ya kupuliza mapovu. Mimi nilipuliza povu moja Jinja, likavuka Nile, wavuvi wakaliachia njia. (Safina amekohoa.) Tulikuwa na viti vidogo vya plastiki, vya watoto, na wanasesere wa majani ya migomba niliowafunga mimi mwenyewe. Na tulikuwa na kadi za picha zilizotoka nchi za baridi. Kadi moja ilikuwa na sanamu la theluji, pua karoti. Kila mtoto akalitazama akanyamaza, tukadhani wote wamekwama. Mmoja tu akajibu haraka, "Huyu ni mtu wa posho," yaani ugali. Sista akasema huyo hana ugonjwa wowote, apelekwe nyumbani akale.

Mwanzoni nilidhani ugonjwa wenyewe ni hii r na l. Nikaogopa sana. Kwetu mtu anasema "nimerara vizuri, nimeamka nimekura mchere," na ana nyumba ya ghorofa. Nikasema basi Busoga nzima tulazwe, na vitanda vitoke wapi? Sista akanifundisha neno ambalo nataka mlifunge kwenye kanga. Alisema, "Hajati, mtoto akikosea kama mama yake, hana ugonjwa. Ana mama."

Halafu kulikuwa na bibi wa wembe. Kila mwezi haukosi bibi mmoja, amemshika mjukuu, wembe uko kwenye fundo la kitambaa. "Ulimi umefungwa chini, musawo," yaani daktari. " Nataka kukata." Sista hagombani. Anachovya kidole kwenye asali, anapaka mdomo wa juu wa mtoto, tunakaa. Ulimi unatoka, unapanda, unalamba, unafagia mpaka karibu na pua. "Bibi, ulimi huu umefungwa wapi?" Bibi anatazama. Sista anamwambia, "Shida yake iko mahali pengine, tutaitafuta pamoja. Wembe peleka nyumbani, kuna kwapa." Wote walicheka, ila mmoja, ambaye aliuliza kama asali imebaki.

Baadaye Sista alihamishiwa Mbale, akasema haendi bila mdomo wake wa Kiswahili. Mdomo huo ni mimi. Tukafungua chumba karibu na barabara ya kwenda magereza, mlima wa Wanale unatuchungulia dirishani kama mama mkwe. Na hapo ndipo nilipokutana na ile kesi ambayo mimi, hata nikisahau jina la marehemu mume wangu, hiyo sitaisahau.

Alikuja Sajini Okot wa magereza, Muacholi, mrefu namna ya kuinama hata akiwa nje. Mkewe, Mama Ruba, Mteso mpole, ana mtoto mchanga mgongoni. Na Ruba mwenyewe, miaka yake inakaribia kuanza shule. Jina lake kamili Rubangakene, jina refu kuliko mtoto. Hasemi kitu. Anacheka, anakimbia, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja kama askari wa gwaride. Masikio yalipimwa hospitali, yakaonekana mazima.

Sajini hakukaa. Alisimama katikati ya chumba kama anapokea ripoti.

"Sista, mimi iko na transfa. Bado siku, lakini inakuja. Wananipeleka kaskazini. Hii mtoto nitaiacha kijijini kwa mama yangu, ichunge mbuzi. Mama yake ndiyo amelia mpaka nimekuja hapa."

"Kwa nini mbuzi, afande?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ni kichwa ngumu tu. Inaelewa kila kitu, lakini kusema inakataa. Jeuri. Shule gani itachukua jeuri? Tazama."

Akanyoosha kidole. "Simama!" Ruba akasimama. Mkono chini. "Kaa!" Akakaa. Akaelekeza mlangoni, "Lete kiatu!" Mtoto mbio, akaleta kiatu, na akakiweka sawa na mwenzake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavua cha kwangu.

"Umeona?" Sajini akasema. "Anaelewa kuliko wafungwa wangu."

Mama Ruba akatazama chini. Sista akamtazama Sajini kwa yale macho yake. Halafu akasema kwa sauti ya kifaranga, na mimi nikatafsiri, "Afande, kaa kitini. Sasa kalia mikono yako."

"Nini?"

"Mikono. Iweke chini ya mapaja, uikalie."

Vijana, mimi nimeona simba kwenye kalenda, lakini sijaona uso kama ule. Sajini wa magereza, nyota ya jeshi lake, aambiwe akalie mikono! Nje hata boda zilizima injini. Mama Ruba akafunika mdomo. Lakini Sajini ni mtu wa amri, na amri ni amri hata ikitoka kwa kifaranga. Akaikalia.

"Mwambie asimame," Sista akasema. "Usitikise kichwa. Mdomo tu."

"Ruba. Simama."

Ruba akamtazama baba yake akatabasamu. Akakaa vilevile.

"Ruba! Simama!"

Mtoto akapiga makofi.

"Ruba, lete kiatu." Mtoto akamtazama usoni, akatazama pale mikono inapokuwaga, hakuna mikono. Akainuka pole pole, akamwendea baba yake, akaanza kuitafuta mikono chini ya mapaja, anaivuta, kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba yake.

Sajini akatoa jasho. Nililiona likishuka kwenye shavu. "Sista," akasema, na sauti imekuwa ndogo kuliko ya Sista, "kumbe hii miaka yote hajanielewa?"

"Wewe anakuelewa sana," Sista akajibu kupitia mdomo wangu. "Anasoma mkono wako, macho yako, bega lako. Maneno ndiyo bado. Si jeuri, afande. Yeye anafanya kazi mara mbili ya watoto wengine, kila siku, na hakuna aliyejua."

Mama Ruba ndiye alianza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Sajini akaitoa ile mikono, akaitazama kama ni ya mtu mwingine. Ila hakuwa mtu wa kugeuka haraka.

"Sawa. Lakini transfa inakuja. Nakubaliana hivi. Kabla ya lori, mtoto akisema neno yake mwenyewe, neno ya kichwa yake, basi atabaki hapa na mama yake, ataanza shule. Asiposema, ni mbuzi."

Sista alimwambia mtoto si mfungwa wa kupewa tarehe. Akasema pia hii kitu haiponi kama malaria, unameza dawa unaamka mzima. Inakua na mtoto, na mtoto anajifunza kuibeba, kila mmoja kwa mwendo wake. Sajini akasema amesikia, lakini masharti yamesimama. Mama Ruba akamshika Sista mkono, "Tufanye. Hivyo hivyo tufanye."

Tukaanza. Kazi ya kwanza ilikuwa ndogo ya kuchekesha: sema maneno machache, halafu ngoja. Usimrushie maswali, usimwambie "sema, sema." Mfuate anapocheza, taja anachokiona, halafu funga mdomo, mpe nafasi. Vijana, dawa zote za kliniki hii hakuna chungu kama hiyo. Mimi kunyamaza! Mara ya kwanza nilinyamaza mpaka nikasikia nywele zangu zinaota.

Sajini akaichukua kama amri ya kituo. Nilipokwenda kuwatembelea kwenye kwota za magereza, nikakuta ametangazia majirani wote: hakuna kumjibia Ruba, wote wangoje. Mama mmoja akampa Ruba kikombe cha chai, akanyamaza. Jirani akanyamaza. Mwingine akasimama na sufuria kichwani, kimya. Kwota nzima imemkodolea mtoto kama imamu aliyesahau sura. Ruba akaingia uvunguni, akabaki huko na kuku.

Nikamwambia Sista. Akamwita Sajini. "Afande, kungoja si kulinda. Mngoje kama mgeni wako, si kama mtu wako wa selo."

Halafu akamuuliza, "Nyumbani unasema naye lugha gani?"

"Kiswahili. Ndiyo ya kazi. Mama yake Kiteso, sokoni Lugisu, redio Luganda. Watu wanasema hizo lugha nyingi ndizo zimejaza kichwa."

"Kichwa si debe, afande, hakijai. Hata angezaliwa na lugha moja angekuwa na shida hii hii. Mimi nauliza kitu kingine. Wewe mama yako alikubembeleza kwa lugha gani?"

Sajini akatazama dirishani, Wanale pale nje imevaa wingu. "Kiacholi," akasema.

"Kwa Kiswahili chako wewe unajua kuamuru. Kwa Kiacholi?"

Akainuka, akaondoka. Lakini Mama Ruba ndiye alinisimulia kwamba jioni ile mume wake alikaa chini na mtoto wakaosha baiskeli, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiongea Kiacholi na sauti ya kawaida. Ikawa desturi. Wanaosha baiskeli ile hata haijatoka nje. Ilioshwa mpaka rangi ikaomba likizo. Sajini anagusa ndoo, anasema "pii," yaani maji, ananyamaza. Anagusa tairi, anataja, ananyamaza. Na mikono, mwenyewe aliamua, anaiweka nyuma mgongoni kama ofisa anayekagua gwaride.

Siku moja akaja kliniki anapumua kama amekimbia kutoka Soroti. "Hajati! Nimesema pii, mikono nyuma, macho juu, na mtoto amekwenda kwenye ndoo! Kwenye ndoo, si kwenye sabuni!"

Tulifurahi. Wiki zikaenda, Ruba akaanza kuijua tairi, sabuni, baba, mama. Akaanza na kusema "pii" baada ya baba. Mimi nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wa Namatala wakajibu. Lakini Sajini akatikisa kichwa.

"Hiyo ni kurudia, Hajati. Hata Wanale ukiipigia kelele inarudia. Nilisema neno ya kichwa yake."

Na transfa ikafika.

Asubuhi ile lori lilisimama mbele ya kliniki, godoro juu, masufuria juu, kuku wamefungwa miguu, na baiskeli inang'aa kuliko jua. Mama Ruba yuko juu kwenye mizigo na mtoto mchanga, hatazami upande wetu, maana njia ilikuwa imeshapangwa: Ruba ataachwa kwa bibi, wao waendelee mpaka kwenye gereza jipya. Sajini akaingia na Ruba, amevaa kombati iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukata nyama.

"Tumekuja kuaga, Sista. Mmefanya kazi nzuri. Bibi yake atamtunza vizuri."

Sista akampa mkono wa kwaheri. Nikamtazama anitume nitafsiri, hakuna cha kutafsiri. Mimi, mwenye mdomo wa kulisha wilaya mbili, nikageukia kioo nikaanza kukifuta, na kilikuwa kisafi.

Ruba akaenda kwenye viti vidogo vya plastiki, kama kawaida yake, akavuta kimoja mpaka katikati ya chumba. Sajini akasema kwa upole, "Ruba, kaa, tumuage Sista."

Ruba akatazama kiti. Akamtazama baba yake juu kule, mrefu kama mlingoti.

"Pe," akasema.

Sajini akageuza shingo. "Nini?"

Ruba akapiga kiti kofi. "Pe. Baba."

Mimi Kiacholi sikijui, lakini nilimwona Sajini anavua kofia. "Pe ni hapana," akasema. "Sista, amesema hapana. Hakuna mtu hapa alisema pe. Mimi sijasema."

"Hakuna aliyesema," Sista akajibu.

"Hii si kurudia."

"Si kurudia, afande."

"Mtoto amenikatalia." Sajini akashika kofia kifuani. "Mimi, Sajini Okot! Tangu nivae hii nguo hakuna mtu amenikatalia mbele ya watu! Hajati, umesikia? Amenikatalia!"

"Nimesikia, afande," nikasema, na mimi machozi tayari yako kwenye kanga. "Na ameongeza amri."

Maana Ruba alikuwa bado anapiga kiti. Kofi, kofi. "Baba. Baba."

Sajini akainama, akajikunja kama meta ya fundi, akakaa kwenye kile kiti cha mtoto wa chekechea. Magoti yakafika masikioni. Plastiki ikalia vibaya. Ruba akazunguka kiti, akakagua, akaridhika, akaenda kwa vizibo vyake.

"Mama Ruba!" Sajini akaita kutoka pale chini. "Shusha masanduku yako! Ya watoto pia! Mnabaki Mbale!"

Nje nikasikia godoro linaanguka, kuku wanapiga kelele, na Mama Ruba anashuka kutoka juu ya lori kama mtu anayeshuka mbinguni, anasema "Ndiyo, afande, ndiyo, afande," kicheko na kilio ndani ya chungu kimoja.

Dereva hakuelewa kitu. Akapiga honi ndefu, akachungulia dirishani, akaona kichwa cha Sajini kinatokeza juu ya magoti. "Afande! Njia ni ndefu! Twende!"

"Ngoja!" Sajini akamjibu, wala hakuondoa macho kwa mtoto. "Bado sijaruhusiwa kusimama."